Hitima Nyuma ya Wodi ya Uzazi

Wasioijua Siyu huniuliza kwa nini mjamzito asingoje uchungu umshike ndipo apande mashua aje hospitali. Nimelieleza mara nyingi, na nalieleza tena. Siyu hufikiwa kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko. Maji yakitoka, hubaki matope matupu, na mashua hukaa papo hapo mpaka yajae tena. Uchungu haungoji maji. Kwa hiyo mwanamke hulazimika kuja Amu, yaani mji wa Lamu, mapema, akae karibu na hospitali. Asiye na jamaa hapa mjini akae wapi?

Ndiyo sababu sisi wanawake wa mtaani tulianza kuchangisha. Tulisuka vikuba, vile vishada vya asumini na rehani ambavyo wanawake hujipachika kifuani, tukaviuza arusini. Ramadhani tulikaanga bajia kila alasiri. Hospitali ikatupa chumba kitupu nyuma ya wodi ya uzazi, tukakipaka chokaa wenyewe. Magodoro tuliomba watu watoe kwa niya ya marehemu wao, iwe sadaka yenye kuendelea. La kwanza kabisa lilitolewa na mwenyekiti wa kamati ya hospitali, kwa niya ya mamake.

Mwenyekiti huyo huyo ndiye aliyekichukua chumba.

Asubuhi moja nilifika na birika la uji, nikamkuta mwanamke kijana kutoka Siyu ameketi barazani, miguu imevimba, kitita chake cha nguo ubavuni. Mtoto wake wa kwanza alifia ndani ya mashua iliyokwama. Mle chumbani palikuwa na meza kubwa na kiti cha kuzunguka, na magodoro yetu yamesimamishwa ukutani. Mhudumu akaniambia kamati imetaka ofisi, kwa kuwa kuna wafadhili watakaokuja kutembelea.

Nilimwendea mwenyekiti. Akanijibu kwa upole kwamba hao wanawake warudi makwao, waje siku zao zikitimia. Alisema hivyo mtu aliyezaliwa visiwani, anayeyajua maji yanavyotoka.

Niliporudi barazani, yule mwanamke aliniuliza swali moja tu, kwa Kisiyu chao.

"Yeo nitalala wapi, mama?"

Nililitua birika kando yake kwa hasira. Nikaenda nyumba kwa nyumba, nikawaeleza wenzangu, na baada ya swala ya alasiri tulikuja sote na udi, chetezo na juzuu za Kurani. Tuliyalaza magodoro, tukamkalisha mgeni wetu juu ya lile la mwenyekiti, tukatundika leso mlangoni, kisha tukaanza kuwasomea hitima marehemu wote ambao magodoro yalitolewa kwa niya yao. Chetezo tulikiweka juu ya meza ya ofisi. Kwetu mwanamume hapiti pazia penye wanawake, na hitima haikatizwi.

Mwenyekiti alikuja, akasimama nje ya leso, akakohoa.

"Bi, mtamaliza saa ngapi?"

"Leo twasoma polepole, Bwana," mkubwa wetu akamjibu. "Tuna wazee wengi wa kuwasomea."

Wengine walicheka ndani ya mabuibui yao. Mimi sikucheka.

Ilipofika dua, mkubwa wetu alianza na mtoaji wa kwanza. Akamtaja mama yake mwenyekiti kwa jina, akamwomba Mungu ampanulie kaburi lake kama godoro lake linavyompumzisha msafiri huyu. Tukaitikia amin. Kisha tukangoja sauti ya nje.

"Amin," akasema mwishowe, kama mtu anayeng'olewa jino.

Meza ilitolewa kabla ya magharibi. Yule mwanamke alilala pale hadi siku yake, akajifungua binti, akarudi naye Siyu akiwa hai.

Watu waliniambia nisamehe, maana mwenyekiti ameelewa. Huenda. Lakini alielewa alipotajiwa mama yake. Yule wa barazani naye alikuwa na mama, yuko Siyu, akingoja habari, na mama huyo hakumgusa mwenyekiti hata kidogo. Hilo bado linanichoma, na sioni haya kulisema.

Nikiwaeleza wasichana wanaojiunga nasi sasa, huwaonyesha kwanza pa kuchemshia uji, halafu rafu iliyo juu ya magodoro. Juzuu zetu hatukuzirudisha nyumbani; ziko pale, endapo chumba kitatakiwa tena.