Mama Nyoosha na Fujo ya Kupangwa

Gari liliniacha kwenye mlango ambao haukufanana na mlango wa hoteli. Hapakuwa na kaunta wala kengele. Dereva alinionyesha ngazi, akasema chumba cha pili kushoto, akageuza gari akaondoka. Nilipofungua nikakuta mtu anaishi humo. Mtandio umetupwa kitini, kitabu kimelazwa kifudifudi kitandani, miwani iko juu yake, na dirishani kuna kikombe chenye mashapo ya chai. Nimewahi kuomba radhi kwa lugha kadhaa kwa kufungua milango isiyo yangu, kwa hiyo nilirudi nyuma haraka, nikagongana na toroli la mashuka.

"Rudi tu, ni chako," alisema mwanamke aliyekuwa akilisukuma. "Hayo ni mapambo."

"Hata miwani?"

"Hata miwani. Haina vioo."

Alikuwa mtu mzima, mfupi, na gauni lake la kazi lilipigwa pasi hadi mkunjo wa mkono ungeweza kukata mkate. Wenzake walimwita Mama Nyoosha. Ametandika vitanda vya hoteli tangu kifungua mimba wake hajazaliwa, na muda wote huo alifundishwa jambo moja: mgeni akiingia aone kama hakuna binadamu aliyewahi kulala pale. Unywele mmoja kwenye sinki ulitosha kumharibia siku.

Sasa soko limegeuka. Wenye nazo wamechoka na hoteli kubwa zinazofanana kama shilingi kwa ya pili. Nimeiona mitindo yao ikipita: kuna msimu walilipia ukimya, kuna msimu walilipia usingizi. Safari hii wanataka nyumba yenye pumzi ya mtu. Vyumba viwe vichache, sare zisiwepo, na wako tayari kulipa mara mbili kwa ajili ya kikombe kichafu, mradi si wao walionywea.

Basi mwenye nyumba akamleta mpambaji. Akavuruga chumba kimoja baada ya kingine, akavipiga picha, na picha zikabandikwa ndani ya kabati la mashuka. Kazi ya Mama Nyoosha ikawa kusafisha kila kitu, kisha kukivuruga upya sawasawa na picha.

Hakuweza. "Kichwa kinaelewa," aliniambia huku akipanga mito. "Mkono ndio mkaidi." Na wakati anasema hivyo, mkono ulikuwa tayari unaukunja ule mtandio mara nne. Akautazama, akaukunjua, akautupa kitini kama anayetupa taka sebuleni kwa watu. Mtandio wenyewe ulikuwa wake. Mpambaji alitaka kitu kilichochakaa vizuri.

Msimamizi akaingia na simu mkononi. Alikuwa binti wa kaka yake Mama Nyoosha, na kazi hii aliifundishwa na huyo huyo shangazi, kuanzia namna ya kuchomekea pembe za shuka.

"Shangazi, wale mawakala wanafika leo." Mawakala ndio wanaoamua wateja wao wapelekwe wapi, bila wao nyumba ile ingebaki tupu.

"Wafike tu. Mbona na mimi nimefika."

"Sitanii, shangazi. Bosi kasema ukinyoosha tena chumba, anakupeleka chumba cha kufulia."

"Na kifua changu? Mvuke ule haupatani nacho, unajua."

"Najua. Ndiyo maana nakubembeleza. Shuka iache ilivyo."

"Shuka iliyokunjamana ni ya mgonjwa."

"Basi wafanye wagonjwa. Wagonjwa wenye hela."

Wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliosimama tangu alfajiri.

Mawakala wakafika, wawili, wakapewa chumba kinachotazamana na changu. Mama Nyoosha akaapa kutogusa kitu. Kesho yake nilimwona amesimama mlangoni kwao na toroli lake. Taulo mbichi ilikuwa sakafuni, glasi zilikuwa zimezagaa, na soksi moja ilining'inia kwenye taa. Alitazama kwa muda, akashusha pumzi, akafunga mlango polepole. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo.

Fujo ile ilikuwa ya kwao wenyewe.

Niliwasikia wakati wa kifungua kinywa wakilalamika, kwa upole kabisa: nyumba nzuri, hewa nzuri, lakini hawajafanyiwa usafi tangu wafike.

Msimamizi alimkuta shangazi yake chumbani kwangu. Hakupandisha sauti.

"Shangazi, hata soksi kwenye taa?"

"Nilidhani ni mtindo mpya. Nikasema, mpambaji wenu sasa kavuka mpaka."

Binti alitaka kucheka, uso ukakataa. "Kuanzia kesho, chumba cha kufulia."

"Kesho hunikuti."

"Nimemwomba bosi mpaka nimeona aibu."

"Najua, mwanangu. Huna kosa. Ningekuwa na nguvu ningejifunza hata huo uchafu, lakini nimechoka." Akauchukua mtandio kitini. "Huu naondoka nao."

"Umo kwenye picha, shangazi."

"Na mimi nilikuwemo kazini."

Binti akasogea, akampisha.

Kutoka dirishani nilimwona akilifikia gari la wafanyakazi. Alifuta kiti kwa kiganja kabla ya kukaa, akajifunga mtandio, akapakata mkoba wake. Gari likateremka.

Mimi bado nilikuwa na siku za kukaa. Baadaye msimamizi alirudi na mtandio wake mwenyewe. Aliutupa kitini, akautazama, akaulinganisha na picha iliyokuwa kwenye simu yake. Akautupa tena. Alipotaka kuutupa mara ya tatu, mtu akamwita kutoka chini.

"Nakuja," akaitikia, na huku akiitikia akaukunja mara nne, akautundika vizuri kwenye mgongo wa kiti, akatoka.

Nikauacha hapo hapo.