Kadi Mbili za Alfani

Newala nzima ilimjua Stamili kwa kazi ya mikono yake. Redio ikikohoa au ikinyamaza, ilipelekwa kwenye kibanda chake nyuma ya soko, na jioni ikarudi nyumbani inaimba. Ufundi aliurithi kwa baba yake. Biashara ilipoachiwa huru na maduka yakafurika redio za kila aina, mzee alichanganyikiwa, akasema hizi si redio, ni vichezeo. Binti ndiye aliyezifungua akazielewa. Zilipokuja kompyuta zilizotumika kutoka Dubai, alizipokea vilevile, kwa bisibisi na subira.

Julai ya mwaka 2008, Alfani alipanda kutoka Masasi kumtafuta. Miaka mingi alikuwa mnunuzi wa korosho, mtu wa kuwazungukia wakulima Lisekese na Tandahimba na mizani yake nyuma ya gari. Ulipokuja mfumo wa kuuzia maghalani, njia ile ikamfungikia. Akafungua ukumbi wa gemu karibu na stendi.

"Shikamoo, Baba Swaumu," alisema Stamili.

"Marahaba, fundi. Nataka unitengenezee mashine moja, picha niitupe ukuta mzima. Dar nimeiona yenye kadi mbili za picha, zimeunganishwa. Nimezileta."

Akaweka maboksi mawili mezani. Kadi ya picha ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo, mpira ukidunda, gari likipinduka. Ndiyo pia inayokula umeme na kutoa joto kuliko kitu kingine chochote ndani ya kompyuta.

"Zirudishe, Baba Swaumu, ukachukue moja yenye nguvu," alisema Stamili. "Kuwa na mbili si kupata mara mbili. Kuna gemu zinazoiona moja tu, ya pili inabaki kula umeme bure. Na hilo joto utalipeleka wapi?"

"Jembe moja na majembe mawili, shamba lipi linaisha mapema?"

"Majembe mawili yanataka watu wawili, na watu wawili wanataka kula."

Alfani alicheka. Kisha akainamisha kichwa kidogo, akamtazama. "Au hujui kuziunganisha?"

Angeweza kukataa. Aliwahi kuwakataa watu wenye fedha kuliko Alfani. Lakini ukweli, ambao hakumwambia mtu, ni kwamba alikuwa hajawahi kuziona kadi mbili zikifanya kazi pamoja, na alitamani kuziona.

Aliimaliza asubuhi moja ya ukungu, watu sokoni wamejikunyata ndani ya makoti. Alipoiwasha, feni zilipiga mluzi, na picha ikatoka laini kama maji. Majirani waliacha biashara zao wakaja kushangaa. Stamili peke yake ndiye aliyetia kidole ndani. Kadi ya chini ilikuwa na uvuguvugu tu. Ya juu ilikuwa inavuta pumzi ya mwenzake, hewa iliyokwisha kupashwa moto, na kidole akakiondoa haraka. Hiyo ilikuwa Newala, na ukungu unaingia mlangoni. Akaifikiria Masasi huko chini, miamba inayookwa na jua kutwa, Oktoba. Mluzi wa zile feni ukaanza kumkera.

Alikwenda mwenyewe kuifunga. Ukumbi wa Alfani ulikuwa wa bati tupu bila dari, madirisha yamepigiliwa mbao ili pawe na giza na wezi wasipite. Kwa ajili ya mashine Alfani alichongesha sanduku la mninga lenye kufuli. Umeme ulivutwa kutoka mashine ya kusaga ya jirani, na kila kinu kilipoanza kuzunguka, taa zilififia kama zinazozimia.

"Sanduku hili litobolewe pande zote," alisema Stamili. "Na huu waya ubadilishwe kabla ya lolote."

"Nitafanya, fundi."

Alisema upesi mno. Stamili alirudi Newala kwa basi la mchana, na njia nzima hakusinzia.

Miezi miwili Alfani alimtumia ujumbe wa sifa tupu. Kisha, katikati ya Oktoba, ilipigwa simu. Alikuwa Rajabu, mtu mzima aliyekaa mlangoni pa ukumbi kupokea viingilio.

"Dada, lile sanduku limeanza kuwa jeusi kwa ndani. Linanuka kama korosho inayochomwa."

"Mwambie azime!"

"Nimemwambia. Anasema ni harufu ya mbao mpya."

Kesho yake, Jumamosi, Stamili alipanda basi la kwanza. Alikuta mashindano. Ukumbi umejaa hadi ukutani, na joto lilimpokea mlangoni kama mtu aliyesimama kumzuia.

"Baba Swaumu, nipe nusu saa nitoe kadi moja. Gemu zako zote zitacheza."

"Leo? Watu wametoka mpaka Nachingwea, fundi. Kesho."

Stamili alikwenda ukutani akaivuta swichi kubwa chini. Ukumbi ukaingia giza, zikafuata kelele. Mtu alimsukuma. Akapaza sauti wakasikia wote: "Msiiwashe! Itawaka moto hii!"

Alfani hakumgombeza. Alimshika mkono taratibu akamtoa nje, na upole ule ulimtisha Stamili kuliko matusi ya waliokuwa ndani. Alfani akarudi ndani, na Rajabu akafunga mlango kwa ufunguo kutoka ndani, kama alivyoagizwa, asiingie mtu bure. Ndani walishangilia: umeme umerudi.

Stamili alibaki amesimama barabarani. Kinu cha jirani kikaanza kuzunguka. Akaisikia ile harufu, akaukimbilia mlango na kuugonga kwa ngumi zote mbili.

"Rajabu, fungua! Fungua sasa hivi!"

Rajabu alifungua. Moshi ulitoka pamoja na watu, wakikanyagana, wakikohoa, mmoja hana viatu. Wote walitoka. Alfani akageuka, akarudi ndani kuifuata mashine yake. Walipomvuta nje alikuwa bado amekumbatia kipande cha sanduku, na mikono yake haikuwa tena ya kushika kitu.

Hakufa mtu. Lakini Masasi haikuuzungumzia waya, wala madirisha yaliyopigiliwa. Ilizungumza hivi: yule mwanamke alisema itawaka, na haikupita saa ikawaka. Polisi walimhoji, aliwaeleza, wakamwachia. Alipokwenda hospitali kumjulia hali Alfani, alimkuta mikono yote imefungwa bandeji.

"Pole, Baba Swaumu."

Alfani aliinua mikono ile kidogo. "Fundi, uliweka nini mle ndani?"

"Kadi mbili. Zile ulizozileta."

Akageuzia uso ukutani.

Maneno yalipanda mlima yakafika Newala kabla yake. Redio ziliendelea kuletwa, kwa kuwa fundi mwingine hakuwepo, ila wenyewe waliziacha mlangoni wakasimama mbali. Siku moja mama mmoja, Oliva, waliyeimba naye ngoma za unyago tangu usichana, aliweka yake juu ya meza, akarudi nyuma hatua mbili.

"Niambie imeharibika nini," alisema. "Yatakayotokea usiniambie."

Stamili aliifungua. Waya wa umeme ulikuwa umeanza kubabuka karibu na mahali unapoingia redioni. Akaukata, akaweka mwingine, akafunga kifuniko, na hakusema neno.