Aikande Juu ya Kaburi la Babu

Simu ya mama ilinikuta ofisini Dar, Ijumaa saa nne asubuhi, katikati ya Julai. Mama hapigi simu asubuhi. Asubuhi ni ya ng'ombe.

"Winfrida," alisema, "njooni, wewe na kaka zako. Aikande analala juu ya kaburi la baba yenu. Usiku wa tatu huu."

Sisi ni Walutheri wa kuaminika. Tumebatizwa wote, kwaya tumeimba, harambee za kanisa tumesimamia. Lakini mwambie Mchagga yeyote kwamba mtoto analala juu ya kaburi la babu yake, hata awe mzee wa kanisa, uone atawaza nini kwanza. Atawaza kwamba mzee ameita. Mkutano wa ukoo, ambao kila mwaka tulikuwa tukiusogeza mbele kwa sababu ya kazi, ulipangwa ndani ya nusu saa. Jumamosi jioni tulikuwa tunapanda Old Moshi, magari mawili yamejaa na mbuzi nyuma.

Aikande ni binti wa kaka yangu Elisaria. Alipofiwa na mama yake akiwa na miaka saba, Elisaria alimleta kwa bibi, kwa muda. Muda huo sasa una miaka tisa. Nyumba ina vyumba sita na watu wawili, na bibi mwenyewe hulala saa mbili. Shuleni wanamwita Profesa, na hawamwiti hivyo kwa kumpenda. Kitabu chake cha fizikia kina kurasa chache tu kuhusu nyota. Alizimaliza siku ya kwanza, yaliyobaki akayatafuta kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa akimtumia baba yake sauti ndefu za WhatsApp, za mashimo meusi na mwanga usioweza kutoka ndani yake. Elisaria alimjibu kwa kidole gumba. Najua kwa sababu mimi pia alinitumia, na sikuwahi kusikiliza hata moja mpaka mwisho.

Basi tulikaa sebuleni, mwinjilisti akaomba, kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kikanywewa. Kaka yetu mkubwa, Elimringi, akakohoa.

"Aikande, usiogope. Babu amekuambia nini?"

"Shikamoo baba mkubwa. Hajaniambia kitu."

"Sasa pale kaburini unafanya nini?"

"Naangalia nyota. Kihamba chote hiki cha nyumbani migomba imeziba anga. Pale kwa babu tu ndipo pana uwazi."

Mtu mmoja akacheka, tukacheka wote, mimi nikacheka hadi machozi. Mae! Kilomita zaidi ya mia tano, na mbuzi wa watu! Mama hakucheka, wala hakuonekana kujuta. Alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, akituhimiza tuongeze nyama.

Aikande naye hakucheka. Alingoja tumalize, akamgeukia baba yake.

"Baba, leo kumefunguka. Wiki nzima mawingu yalikuwa yakiachia kidogo tu, lakini leo kumefunguka kabisa, na mwezi hakuna. Njoo nikuonyeshe katikati ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota. Siku zote hizi nilikuwa najifunza kupapata haraka, ili ukija nisikupotezee muda."

Elisaria aliinuka. Ninamshukuru kwa hilo. Walitoka, nami nikawafuata hadi barazani, na kwa kuwa naogopa makaburi usiku, umri huu wote na elimu hii yote, nikawasha taa ya nje.

"Shangazi, naomba uzime," Aikande alisema kwa upole. "Macho yanahitaji kama robo saa kuzoea giza."

"Nazima sasa hivi, mwanangu."

Sikuzima sasa hivi. Niliokota sahani, nikasogeza viti, nikajifanya nina kazi. Nilipozima, simu ya Elisaria ikaanza. Kila ujumbe wa kazini ulipoingia uso wake ulimulikwa mweupe, na kila mara nilisikia sauti ya mtoto, "Macho yameanza upya, baba."

"Nisamehe, mama. Endelea."

"Ona ule mkia wa Nge. Kushoto kidogo, pale panapong'aa kama ukungu, ndipo penyewe. Shimo jeusi lenyewe halionekani. Wanasayansi wanajua lipo kwa sababu nyota zilizo karibu nalo zinakimbia sana, zinazunguka mahali ambapo hakuna kitu."

"Mimi naona nyota nyingi tu," alisema Elisaria. Simu ikawaka tena.

Wingu lilishuka kutoka mlimani nyuma yetu, likapita juu ya bati, likafunika kila kitu. Halikuchukua dakika tano. Ile robo saa ilikuwa haki yake, nami niliimaliza kwa woga wangu, baba yake akamaliza iliyobaki.

Elisaria alimshika bega. "Usijali. Desemba nitakaa wiki mbili nzima. Utanionyesha kwa raha zetu."

Nilingoja aseme sawa. Ni mtoto wa kusema sawa.

"Desemba haiwezekani, baba. Desemba jua linakaa upande huo huo. Pale mahali panachomoza na jua, panazama na jua. Panaonekana miezi ile ambayo ninyi hampo."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema vile mtu anavyosema mvua za masika huanza Machi. Nilimwona Elisaria akiitoa simu mfukoni na kuizima kabisa, akaketi juu ya vigae vya kaburi la baba yetu na kutazama juu, kulikojaa wingu. Walikaa hivyo muda mrefu. Wingu halikuondoka.

Jumapili saa kumi na moja alfajiri tuliwasha magari, maana Jumatatu watu wana kazi. Mama alitupa ndizi, akalia kidogo, akabariki safari. Aikande alitufungulia geti, akatushika mkono kila mmoja kwa adabu zake zote.

Hakutuuliza tutarudi lini.