Sururu Ilipogonga Chuma

Watu wa kijijini kwetu Sepuka hawajawahi kuielewa kazi yangu. Mtoto wa Kinyaturu, aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, anakwendaje kuwa ofisa wa wanamaji, tena wa kutegua mabomu? Nilichoka kueleza. Mama peke yake hakuuliza. Alisema tu, "Siku yangu ikifika, uwepo. Udongo wa kwanza utupe wewe." Kwetu udongo wa kwanza ni wa mtoto wa kwanza, na miaka yote niliyokaa chini ya maji, hilo ndilo nililoogopa kulikosa.

Nilimwahi. Nilikuwa nimeshastaafu, mzima, nina mikono yote miwili. Asubuhi ya maziko nikaenda kwa wanaume waliokuwa wakichimba kaburi nyuma ya nyumba. Mdogo wangu alikuwa ndani ya shimo. Sururu yake ikagonga chuma.

"Usiguse! Tokeni wote! Rudini nyuma!"

Nilimvuta mdogo wangu kwa ukosi wa shati, nikawafukuza wanaume hadi ng'ambo ya zizi, nikawafukuza na akina mama waliokaa na jeneza. Kisha nikaingia peke yangu, maana kikazi anayekaribia ni mmoja tu. Nikalala kifudifudi, nikaufukua udongo kwa vidole. Mikono yangu, ambayo siku hizi hutetemeka hata nikishika kikombe cha chai, ilitulia kabisa. Nilikuwa na furaha. Mungu anisamehe, kwenye kaburi la mama nilikuwa na furaha.

Kilikuwa kipande cha plau.

Nilipoinua kichwa, jeneza lilikuwa peke yake juani. Laiti mtu angecheka! Hata watani wetu, ambao kazi yao msibani ni kutukejeli, walinyamaza.

Mjomba alikuja taratibu, akaninyooshea mkono.

"Toka humo, mjomba. Kapumzike ndani, sisi tutamalizia."

"Udongo wa kwanza ni wangu."

"Tunajua, baba. Tunajua." Alisema kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

Wanaume wawili walikaa nami sebuleni, mmoja kila upande, wakizungumzia mvua. Nilitaka kusimama, wakanishika mabega kwa upole. Dirisha lilikuwa wazi. Nikausikia udongo ukianguka kwenye mbao, na sikuuliza ni nani aliyeutupa.