Dawa Niliyoikataa Huku Naimeza

Hospitali ilinipigia simu kuniuliza kwa nini nilikataa dawa.

Wakati huo nilikuwa na miezi minne naimeza.

Sikucheka. Tangu nianze matibabu sicheki wala silii, moyo umekufa ganzi. Nilishika tu simu ya mezani, nikasikiliza.

"Naongea na Bakos Lórántné?" Sauti ya binti.

"Ndiye."

"Mama, tunafunga mafaili ya watu waliokataa kuingia kwenye utafiti. Naomba sababu yako. Usipotaka kusema, sawa tu."

"Nilikataa lini?"

"Machi."

"Binti, mbona kidonge cha leo nimekimeza saa moja asubuhi?"

Kisha akauliza polepole, "Mama, umezaliwa mwaka gani?"

"Sabini na nne."

"Nisamehe, mama. Nisamehe sana." Akakata.

Sasa niwaeleze. Kwetu Hungaria mwanamke akiolewa anaweza kuchukua jina lote la mume, akaongeza "né" mwishoni, basi. Mume wangu anaitwa Bakos Lóránt. Marehemu baba yake naye alikuwa Bakos Lóránt. Kwa hiyo nyumba moja, sanduku moja la barua, Bakos Lórántné wawili: mimi na mama mkwe.

Miaka ishirini tumefunguliana barua. Hadi vipimo vya meno yake ya bandia nimevisoma.

Majira ya baridi yaliyopita sote wawili tukakutwa na saratani ya titi, imeshasambaa. Daktari akasema kuna dawa mpya wanaifanyia utafiti, lakini hapo hospitalini imebaki nafasi moja. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kwenye orodha. Mimi wa pili.

Siku alipoitwa alirudi nyumbani mapema, akavua viatu, akasema, "Wamenikataa. Eti nimeshachakaa. Zamu yako."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Basi nikaweka simu chini, nikaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa anatoa mbegu za matunda ya cheri kwa pini ya nywele, vidole vyekundu, mikono imebaki mifupa. Matibabu ya kawaida yamegoma kwake.

"Mama, hospitali wamepiga. Wanauliza kwa nini ulikataa."

Hakuinua uso.

"Nani kakataa? Barua iliandikwa Bakos Lórántné. Bakos Lórántné anameza kila asubuhi. Au huwa unatema?"

"Mama..."

"Usiniite kwa sauti hiyo, bado sijafa. Wewe una mtoto anasoma. Mimi nina kuku sita."

Huyu ndiye mama aliyeisema supu yangu vibaya mbele ya wageni kwa miaka ishirini.

Akatoa mbegu nyingine, akauliza, "Lakini inakusaidia?"

Kuna jambo sijamwambia mtu pale nyumbani. Kwenye ule utafiti, juu ya matibabu ya kawaida, nusu yetu tunapewa dawa yenyewe na nusu tunapewa vidonge visivyo na kitu ndani. Nani kapewa nini, hata daktari hajui. Ndivyo wanavyopima kama dawa inafanya kazi kweli, na siwalaumu. Nilielezwa, nikatia sahihi. Mama alikataa kabla hajafika kwenye maelezo hayo.

"Inasaidia, mama," nikasema.

"Basi kaa hapo. Cheri hazijitoi mbegu zenyewe."

Nikakaa, nikachukua pini. Nilitaka kulia, nilitaka hasa, machozi hayakuja. Tulimaliza beseni zima.

Ndugu zangu, ukiona umepata kiti upesi, uliza nani kasimama. Mimi nilikuja kujua baada ya miezi minne, na mpaka leo sijui kama hicho kiti kina miguu.