Walioingia Chumbani kwa Bibi

Juzi nilikuwa kwa fundi seremala nasubiri meza yangu. Akavuta futi yake ya chuma, akapima ubao, akaiachia. Ikajirudisha ndani kwa ule mlio wake, chrrr, tap. Nikajikuta nimeshika ukuta. Fundi akaniuliza, "Vipi dada, kizunguzungu?" Nikasema ndiyo. Ningeanzia wapi kumweleza?

Nakueleza wewe unayesoma, ingawa niliishia darasa la saba, na sina hakika kama mambo haya nayakumbuka yalivyokuwa au ninavyoogopa kwamba yalikuwa hivyo.

Tulikuwa tunakaa Ipagala, Dodoma, chumba na sebule, mimi na mama. Baba alishafariki. Mama alifanya usafi kwenye ofisi moja mjini, anatoka alfajiri, anarudi mchana. Nikiwa darasa la nne, Bibi mzaa mama akaletwa na basi kutoka Kondoa, anaumwa. Alikuwa na uvimbe tumboni, na macho yake yalishaingia ukungu, anaona vivuli tu. Tukampa kitanda cha chumbani, mimi na mama tukawa tunalala sebuleni kwenye mkeka. Chumba kile kilinuka dawa ya kuchua na mafuta ya nazi. Nesi mmoja wa zahanati ya mtaa wa pili, mama wa watu, alikuwa kila jioni akitoka kazini anapita kumchoma Bibi sindano ya maumivu. Bila sindano ile Bibi alikuwa halali, na sisi hatulali.

Ndio wakati watumishi wa serikali walikuwa wanahamia Dodoma kwa wingi na kila mtu anatafuta pa kukaa. Mwenye nyumba wetu, Baba Neema, akaja kwa ustaarabu, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akasema mkataba wetu ukiisha mwisho wa Juni kodi itapanda. Alijua hatutaiweza, kwa hiyo dalali angeanza kuleta watu waangalie.

"Ila Mama Zai," akasema, "mkataba ukiisha na mtu hajapatikana, mtabaki kwa kodi ileile. Siwezi kulaza chumba kitupu."

Sikumwona mbaya siku ile na simwoni mbaya leo. Naye alikuwa anasomesha watoto.

Basi wakaanza kuja. Dalali aliitwa Kaka Masima, mtu wa maneno mengi, anapiga hodi akiwa ameshaingia. "Mama Zai, leo nimekuletea bosi, ficha masufuria!" Nyuma yake mtu na mkewe, au kijana wa ofisini mwenye kitambulisho shingoni. Wanatazama dari, wanawasha taa na kuzima, wanafungua bomba. Halafu wanaingia chumbani na futi yao kupima kama kitanda cha sita kwa sita kitaingia, chrrr, tap, juu ya kichwa cha Bibi.

Na Bibi anawakaribisha.

Lazima nieleze hapa. Kwao Kondoa, mtu akilala kitandani, watu wanakuja kutwa nzima kumjulia hali. Wanavua ndala mlangoni, wanatoa pole, wanakaa kidogo, na mgonjwa anawaombea dua kabla hawajatoka. Bibi alikuwa amelala miezi miwili mjini bila mtu kuja. Aliposikia miguu mingi na sauti ngeni, akajua moja kwa moja kwamba watu wa Ipagala wamesikia anaumwa.

"Karibu mwanangu. Mungu akulipe hatua zako. Wewe ni wa wapi?"

"Wa Iringa, Bibi," akajibu kijana mmoja, futi mkononi.

"Iringa! Umetoka Iringa kuja kuniona mimi?"

Kijana akamtazama Masima. Masima akajiuma midomo asicheke. Yule kijana, nasema kwa haki, akainama akampa Bibi mkono, akasema, "Ugua pole." Bibi akamwombea dua ndefu, nusu Kiswahili nusu Kirangi, ya mke mwema na watoto.

Mama alinivuta uani siku ileile. "Usimwambie kitu. Umesikia Zainabu? Usimwambie."

Bibi alipata nguvu. Asubuhi aliomba nimfunge kilemba kisafi. Alinihesabia wageni kwa sauti zao, yule wa mafua, yule anayeburuza mguu. Akanilaumu kwamba mgeni wa mgonjwa haondoki mdomo mkavu, hivyo kila walipokuja nilikimbilia jagi la maji. Wengi walikataa. Wengi pia waliomwona kitandani walipunguza sauti, wakatoka haraka, na hatukuwaona tena. Juni ikafika katikati, mtu hajapatikana.

Kisha ikaja Jumamosi moja. Mama alikuwa kazini. Wakaja makundi manne mfululizo, na kundi la nne lilikuwa na mtoto wa kike wa rika langu, amevaa viatu vyeupe. Akasimama mlangoni na kikombe changu cha maji mkononi, hakunywa. "Mama, hapa kunanuka."

Bibi akageuza uso kwenye ile sauti. "Karibu mjukuu wangu, sogea nikushike."

Yule mtoto akarudi nyuma. Aibu niliyoisikia sikujua nimpelekee nani. Walipotoka nikampelekea aliyekuwa karibu.

"Bibi, hawaji kukuona wewe! Wanakuja kuona chumba. Sisi tunafukuzwa."

Nilisikia upepo ukigonga bati.

"Wote?"

"Wote."

"Hata yule wa Iringa?"

"Hata yeye."

Akavuta kanga mpaka kidevuni.

Jumatatu, mama ameshaondoka na mimi niko likizo, jua lilipochomoza Bibi akaniambia nimsaidie kutoka nje. Nilimshika kwapa, tukaenda hatua moja moja mpaka ukutani kwenye jua. Akaniambia nifagie chumba, nitandike kitanda, niache mlango na dirisha wazi, nifukize udi. Yeye akakaa pale nje kwenye upepo wa Juni, na unajua upepo wa Dodoma mwezi ule, unakula mpaka mifupa. Nikadhani amenikasirikia.

Mama alirudi akamkuta pale, midomo imepauka. Akapiga magoti. "Mama, rudi ndani. Nakuomba, rudi ulale."

"Mwache mwenye nyumba apate mtu wake. Mimi nimewazibia watu mlango."

Mama akanigeukia. "Nani kamwambia?"

Nikasema, "Kaka Masima."

Mama alimtukana Masima barabarani mbele ya watu, na yule mtu, kwa maneno yake yote, alibaki mdomo wazi. Leo naandika: hakuwa yeye. Nilikuwa mimi.

Siku nne Bibi alikaa nje kila asubuhi, mama akiwa kazini, na anayemtoa ni mimi. Siku ya nne wakaja mume na mke, vijana, wapole. Wakaona chumba kinang'aa, kinanukia udi. Wakakipenda.

Tulihamia Mkonze, upande mwingine wa mji. Nesi hakuweza kufika kule. Bibi hakumaliza miezi miwili. Siwezi kusema ni kwa sababu ya kuhama. Daktari alishasema mapema kwamba hatapona. Ila usiku wote ule wa mwisho alilia, na sindano ilikuwa Ipagala.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kitu ambacho mama hakuwahi kunitamkia. Bibi kulala pale ndiko kulikokuwa kunatuweka. Wakimwona, wanaondoka, na sisi tunabaki. Mama alilijua hilo, lakini mtu anamwambiaje mama yake mzazi, endelea kulala hapo, ugonjwa wako ndio unaotulinda? Akachagua kumwachia wageni wake. Mimi nikamwambia Bibi nusu ya jambo, ile nusu inayouma, na nusu nyingine iliyobaki sikuwa nayo.

Wiki ya kwanza kule Mkonze, jirani mmoja alisikia kuna mgonjwa. Akaja na kibakuli cha uji kimefunikwa sahani, akavua ndala mlangoni, akaita hodi, akasubiri aitikiwe. Bibi alikuwa hata kukaa hawezi tena. Alisikia sauti ngeni, akaanza kutafuta ukingo wa kitanda kwa mikono.

"Subiri kidogo mwanangu," akasema. "Ngoja nitoke, uone chumba vizuri."