Mafundo Yenye Masikio

Harufu ya makumbi ya nazi yaliyooza topeni ni mbaya, na mtu asinidanganye kwamba utoto huifanya nzuri. Inashika nguo, inashika nywele, inakufuata mpaka kwenye sahani ya ugali. Mama alikuwa akiyafukia makumbi katika bonde lililo chini ya Chole, kule Kisarawe, anayaacha mpaka yalainike, kisha anayafukua, anayaponda kwa rungu na kusokota kamba. Zama hizo za Mwingereza nilikuwa mtoto wa kike ambaye bado hajaruhusiwa kwenda kisimani peke yake, kwa hiyo nilishinda naye bondeni nikifukuza nzi. Mimi nilimwona mama akisokota kamba. Waliopita njiani walimwona mjane anayezika vitu kwenye tope na kuvifukua. Nikijiweka mahali pao, sijui kama ningeona tofauti.

Baba alikuwa amefariki, na mama alipomaliza eda, Baba Mkubwa, kaka yake marehemu, akataka kumrithi awe mke wake wa tatu. Mama akakataa. Akaenda kwa Jumbe wa kijiji, akaazimwa kiwanja jirani na Bi Zaituni. Kuazimwa maana yake usipande mnazi, usipande mkorosho, usijenge kitu cha kudumu. Mama akachuchumaa akachora chini kwa kijiti, akafuta, akachora tena. Nyumba iliyotokea ilikuwa ndogo: nguzo chache, paa la makuti, na kuta za vipande vya matete yaliyosukwa, kila kipande ukubwa wa mlango. Hapakuwa na msumari wala udongo. Kila kipande kilifungwa kwa kamba, na kila fundo liliachiwa kitanzi kidogo ubavuni, alichokiita sikio. Ukivuta sikio, fundo lote linafunguka. Wakati wa jua kali aliutoa ukuta mmoja akauinua kwa miti juu ya mafiga, ukawa kivuli cha jikoni. Bibi alipokuja kututembelea, kipande kikaingia ndani kikagawa chumba. Leo mlango uko huku, kesho uko kule. Nadhani hilo ndilo lililowatia watu wasiwasi kwanza, hilo na kule kutowaalika kuja kukandika. Nyumba ya udongo hukandikwa na majirani. Wanachafuka pamoja, wanakula pamoja, na kila mmoja anajua kilichomo ndani ya ukuta. Yetu hakuna jirani aliyeigusa.

Lile neno sikio likatoka nje. Wanawake wakija kuteka maji walicheka mpaka karibu na kwetu, kisha kimya, mpaka wapite. Aliyepaza sauti ni mmoja tu, Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyebaki kwetu baada ya kazi ya mkonge, mtani wa kila mtu. "Enyi masikio! Mwambieni Mama Hadija nina njaa!" Mama akamjibu kutoka ndani, "Masikio yamesikia, ila chungu ni kiziwi!" Nilicheka sana. Mama hakucheka. Alichungulia kwenye matete kuona ni nani mwingine aliyesimama njiani.

Mwaka ule vuli ikachelewa. Mawingu yalipanda kutoka upande wa pwani, yakasimama juu yetu kama yanataka kusema neno, yakaondoka. Kwetu mvua isipokuja husemwa imefungwa, na aliyefunga lazima awe na kamba. Nani alikuwa na kamba nyingi kuliko mama? Asubuhi ya Ijumaa wakaja, Jumbe mbele, Bi Zaituni pembeni yake, na nusu ya kijiji nyuma yao.

"Karibuni mkae," mama alisema, akitandika mkeka.

"Hatukai," akajibu Bi Zaituni. "Mama Hadija, mafundo ya watu hulala. Ya kwako yanasikiliza nini?"

"Mahindi yangu mimi hayakauki, dada?"

"Yanakauka. Mtu huweza kufunga akajifunga na mwenyewe."

Jumbe, nimtendee haki, hakufoka. Alisema mafundo yafunguliwe kabla ya sala ya Ijumaa, au kiwanja kirudi. Kiwanja kurudi maana yake ni sisi kurudi uani kwa Baba Mkubwa, na mama kuwa mke wa mtu asiyemtaka. Nilimwona mama ameshika nguzo. Kisha akasema, "Basi fungueni ninyi. Nikifungua mimi, mtasema nimebakiza moja."

Hakusogea mtu. Waliyaogopa. Mwishowe Mzee Maganga akainama, akaweka mdomo karibu na fundo, akasema, "Hodi!" Akavuta. Kipande kikamwangukia mgongoni, na watu wakacheka bila kupenda. Baada ya hapo kila mmoja akavuta lake, na jua halijakolea nyumba yetu ilikuwa imelala chini, paa na kuta, kama mikeka ya kuuzwa. Bi Zaituni alibaki akipatazama pale palipokuwa ndani: chungu, kitanda cha kamba, kipande cha kanga yangu. Alitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa na hakika angekuta kitu.

Mvua haikuja siku ile, wala iliyofuata. Tulilala chini ya vipande viwili vilivyoegemezwa pamoja. Kisha alasiri moja ikashuka kwa nguvu, na kutoka mashambani nikasikia mtu akipiga kelele za furaha, "Si tulisema!" Mpaka leo siwezi kuapa kwamba walikosea. Naamini ingekuja tu, lakini kuamini si kujua, na mimi elimu yangu iliishia darasa la nne. Tulikuwa tumeloa mpaka mifupani iliposikika sauti ya Bi Zaituni. "We Mama Hadija! Unangoja mtoto afe kwa baridi? Lete hivyo vipande vyako hapa!"

Mama alinikamata mkono kwa nguvu, akasimama. Alidhani ni mtego, nilijua. Kisha akabeba. Chini ya upenu wa Bi Zaituni akavifunga kwenye nguzo zake kimoja kimoja, kwa mafundo yaleyale, na Bi Zaituni mwenyewe akishikilia upande wa pili, macho kwenye vidole vya mama.

"Hili fundo lisikie mambo yenu, si yangu," Bi Zaituni akasema.

"Ya kwako, dada, hayahitaji sikio. Kijiji kizima kinayasikia."

Nyumba yetu ikawa chumba ubavuni mwa nyumba yake. Baba Mkubwa alikuja kutuchukua, akatukuta tuna paa, tuna mlango, na jirani kasimama mlangoni na mchi mkononi. Akarudi peke yake.

Sijui kama Bi Zaituni alituhurumia au alitaka kutuchunga kwa karibu. Na kwa mama nako sina hakika. Zamani nilidhani aliyafanya mafundo yale kwa sababu ya kiwanja cha kuazima. Siku hizi nadhani hakuwaamini watu wale hata siku moja, na alitaka nyumba ambayo angeweza kuondoka nayo kabla ya adhuhuri. Kama ni hivyo, hawakukosea kuhisi kwamba mafundo yale yaliwahusu.

Sasa naishi Kibaha, nyuma ya Maili Moja, katika nyumba ya matofali ya saruji waliyonijengea wanangu. Ni nzuri, na ninashukuru. Ina vyumba viwili ambavyo havilaliwi na mtu. Mjukuu wangu alipokuja na mtoto mchanga, nilimwomba fundi asogeze ukuta kidogo, tulale pamoja chumbani kwangu. Akanitazama kwa huruma: "Bibi, huu hausogei. Huu unavunjwa." Jirani yangu amejenga uzio mrefu akapanga chupa zilizovunjika juu yake. Ananishuku kwa jambo, sijui lipi. Mimi nami namshuku, kwa vile geti lake linavyofunguliwa nusu na kufungwa haraka. Huenda tunaoneana bure. Bi Zaituni alikuwa na ukuta wa matete kati yake na sisi. Alimsikia mama akiswali, akinigombeza, akilia siku alizomkumbuka baba, na taratibu shaka yake ikakosa pa kukaa. Huyu wa sasa sijapata kumsikia hata akikohoa.